Usiguse Bado

Maji yalianzia kwenye kona, juu ya kitanda,
tone moja, kama mtu abishaye hodi bila kutaka kuingia.
Tukaweka bakuli. Tukalala.
Wiki ya tatu bakuli halikutosha:
bibi harusi wa Walungu alivimba shavu ndani ya bahasha,
wino wa maua yake ukamwagikia mkwe.
Mama yake akaja mpaka Muhungu kudai picha,
nami nikamwonyesha dari.
Nilikuwa na jibu gani jingine?

Gari letu ni nyumba, ni studio, ni deni.
Lilitoka Bujumbura na jiko la gesi
na sinki isiyojua maji;
Balagizi alilinunua kwa ng'ombe watano wa baba yake,
pamoja na ndama.

Alhamisi nilipanda mimi, kwa kuwa ndimi mwepesi.
Nilikwangua mastiki kuukuu kwa kisu cha mihogo,
ikabanduka kama ukoko wa sufuria.
Chini yake kutu. Chini ya kutu, tundu
lisilopitisha hata punje ya mtama.
Kumbe ni wewe? nikaliuliza.
Ni wewe uliyemliza bibi harusi?

Msasa. Petroli kwenye kitambaa. Kitambaa kikavu.
Nikaminya mastiki mpya, nyeupe,
kuzunguka kidirisha cha paa, juu ya kila skrubu,
nikailaza kwa kidole chenye maji ya sabuni
mpaka mgongo ukanikumbusha umri wangu.

Ubavuni mwa kopo wameandika:
saa arobaini na nane, mahali pakavu.
Pakavu!
Jina la mji huu limebeba ukavu tumboni,
na huo ndio ukavu wote tulio nao mwezi wa kumi na moja.
Hapa chumvi hulia ndani ya mkebe.
Shati ulilofua Jumapili
unalivaa Jumatano, likiwa bado na mawazo.

Ijumaa, saa nane mchana, Balagizi na funguo mkononi:
"Harusi ya Kaziba ni kesho asubuhi. Tunaondoka."
Nikamwambia haijakauka.
"Juu imeshika ngozi."
Ngozi si nyama, nikasema,
na barabara ya Kaziba itaichana kabla hatujafika Nyangezi.
Akataka kupanda aone. Nikashika ngazi.

Hapo wingu likanyanyuka upande wa ziwa, jeusi, bila haraka,
kama mdai anayejua upo nyumbani.

Turubai ikigusa, inanata;
ikinata, kazi yote inabandukia humo.
Tukang'oa fito za maharage kwa Cishibanji,
tukazipinda juu ya paa kama mbavu,
tukatandika turubai, kisha upepo ukaitaka.
Basi tukaishika: mimi pembe hii, yeye ile,
Cishibanji na mkewe nyuma, wakitutukana kwa upendo.
Saa mbili nzima.
Maji yalitupita shingoni, mgongoni, yakaingia viatuni,
na katikati yetu paa lilikaa kama mgonjwa aliyelala.

"Nani alikufundisha kungoja hivi?" akapiga kelele.
Wewe, nikamjibu. Mwaka ule wa chumba chenye taa nyekundu,
picha zikining'inia kwenye kamba kwa vibanio,
uso wangu wa kwanza ukichuruzika dawa,
nami nimenyoosha mkono.
Usiguse bado, ulisema.
Hakujibu. Mvua ilikuwa na kelele, au alikuwa na aibu.

Kaziba alikwenda kwa pikipiki,
kamera ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko ndani ya koti.

Jumapili nikapanda.
Imekaza: nilibonyeza kwa ukucha, ikanirudisha.
Ila kwenye kona, juu ya kitanda,
alama ya dole gumba, mistari yote wazi, imekauka humo humo.
Si langu. Langu ni jembamba.
Kwa hiyo alipanda, usiku ule,
peku, nikiwa nimelala.

Sikulisawazisha. Maji hayapiti.
Jana mvua imerudi,
na sote wawili tulikuwa macho gizani
tukilisikiliza bakuli.